Tu-22 ya mezani: uzito kwanza, rangi baadaye

Mwaka 1979, vita vya Kagera vikielekea ukingoni, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda dhidi ya Tanzania kwa kuishambulia Mwanza. Mabomu yake yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Wakati huo Mbarara, makao ya Kikosi cha Simba cha jeshi la Amin, ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Tanzania tangu Februari. Sisi wa Rugaaga na Nakivale tunaishi kwenye ardhi iliyopitiwa na vita hivyo, na kwa anayetaka kuunda ndege ya mfano sioni ndege kubwa ya mabomu inayotuhusu kuliko hii.

Kampuni ya Trumpeter ya China inatoa vipande vya plastiki vya Tu-22K kwa skeli ya 1/72. Ndege halisi ina urefu wa karibu mita 42. Mezani inakuwa sentimita 58, na mabawa yake kama sentimita 32. Herufi K ni ya aina iliyobeba kombora kubwa chini ya tumbo. Libya iliuziwa aina ya kubeba mabomu tu, kwa hiyo mwenye kutaka ndege iliyoilenga Mwanza hana budi kuliziba pango la kombora na kulisawazisha kwa msasa mpaka tumbo liwe laini.

Hilo ni jambo la subira. Ugumu wenyewe uko kwenye mizani. Injini zote mbili za Tu-22 zimepandishwa juu ya mkia, kushoto na kulia kwa pezi, ili mabawa yabaki safi na ndege ikimbie kuishinda sauti. Magurudumu makuu hukunjwa ndani ya vifuko vinavyochomoza nyuma ya bawa. Kwenye mfano wa plastiki hakuna mafuta wala mitambo ya mbele ya kuusawazisha mkia huo; usipoongeza uzito puani, ndege itaketi kwa mkia na pua itaangalia dari.

Hapa wengi hubandika chuma popote penye nafasi. Umbali ndio unaoamua. Gramu 30 zikikaa sentimita 25 mbele ya magurudumu makuu zinafanya kazi sawa na gramu 75 zilizokaa sentimita 10. Chubwi za wavuvi wa Ziwa Nakivale zinafaa sana: ni ndogo, nzito, na zinaingia hata kwenye pua nyembamba. Shikilia kiwiliwili kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwanza, kiegemeze kwenye penseli mahali magurudumu yatakapokaa, kisha ongeza chubwi mojamoja hadi pua iiname. Ongeza nyingine moja ya tahadhari, maana rangi ya mkia nayo ina uzito wake. Ndipo ufunge moja kwa moja.

Usizidishe mno. Ukipunguza urefu mara 72, ujazo unapungua mara 373,248. Tu-22 iliyojaa mafuta ilifikia tani 92. Kwa hesabu hiyo mfano wake ungekuwa na gramu 246 hivi, robo kilo ya sukari. Miguu ya plastiki imechongwa myembamba, na ikibebeshwa zaidi hupinda baada ya miezi.

Hesabu ileile inatawala mifereji inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege. Mfereji wa nusu milimita kwenye mfano ni ufa wa milimita 36 kwenye ndege halisi, na hakuna rubani angekubali kurushwa na ndege ya namna hiyo. Jaza mifereji, bakiza alama hafifu.

Geuza mfano tumbo juu uchore milango mitatu ya wafanyakazi wa ndege. Viti vyao vilifyatuka kuelekea chini, hivyo ndege ikipata hitilafu karibu na ardhi hawakuwa na pa kuokokea. Mwundaji asiyeiweka milango hiyo ameficha jambo zito kuliko yote katika ndege hii.

Rangi ni rahisi: mchanga na kijani juu, rangi nyepesi chini. Bendera ya Libya ilikuwa kijani kitupu tangu Novemba 1977, hivyo alama ya 1979 ni duara la kijani unaloweza kulikata kwa mkono.

Asiyepata plastiki asikate tamaa. Watoto wanaounda malori ya waya yenye magurudumu ya kandambili tayari wana mikono ya kazi hii. Mchoro unaweza kuchapishwa Mbarara kwa saizi kamili ya mfano, kiwiliwili kikachongwa kwa mbao ya paini, mabawa yakakatwa kwenye bati la debe la mafuta ya kula, miguu ikawa spoki za baiskeli. Spoki ni imara kuliko plastiki ya dukani, na kwa ndege yenye mkia mzito kama huu ningeichagua hata kama kisanduku cha Trumpeter kingekuwa mbele yangu.