Kulijua Zizi la Kondoo Lililotunzwa kwa Maarifa

Mgeni aingiapo katika zizi la kondoo huko Kajiado, macho yake aghalabu humwendea dume, akamsifu kwa kifua kipana na mkia uliojaa mafuta. Lakini mimi huwatazama kwanza wana-kondoo, kwa kuwa hao ndio mashahidi wa yale aliyoyapanga mwenye zizi miezi mitano nyuma. Wakiwa wamelingana kimo, mwenyewe ana hesabu. Ukiona mmoja kitovu chake hakijakauka na mwenziwe amekwisha achishwa ziwa, jua dume aliachwa azurure mwaka mzima.

Hesabu hiyo si ngumu. Jike huingia joto kila baada ya siku 17 hivi, na mimba huchukua yapata siku 147. Basi mfugaji anayetaka wana wake wakute majani mabichi ya vuli humwingiza dume katikati ya Juni, ili uzazi uanze mapema Novemba, na baada ya mizunguko miwili humtoa. Wamaasai tangu zamani humfunga dume kipande cha ngozi tumboni asipande nje ya wakati, na kila niionapo ngozi hiyo humstahi mwenyewe hata kabla hatujaamkiana.

Dume naye mpapase korodani: ziwe sawa mbili, imara kama msuli uliokazwa, wala zisiwe na kivimbe. Mbegu huchukua majuma saba kukomaa, kwa hiyo homa aliyougua mwishoni mwa Aprili yaweza kumwaibisha Juni. Mfugaji makini humpaka kifuani udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta, kisha baada ya siku 17 hubadili rangi. Majike wengi wakionekana na rangi mbili viunoni, mashaka yote yamwelekee dume.

Lakini ustadi wenyewe umo mkononi, maana mkia mnono humghilibu mtazamaji. Weka kiganja kiunoni mwa jike, nyuma ya ubavu wa mwisho, ubonyeze taratibu: mifupa ikikuchoma kama vifundo vya ngumi, amekonda, ukiipata kwa kubonyeza kidogo, ni wa kupandwa, usipoipata kabisa, amenenepa kupita kiasi, na huyo nampenda kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Majuma sita ya mwisho ya mimba, ambamo mtoto hupata sehemu kubwa ya uzito wake, huangukia ukali wa kiangazi, na jike mwenye pacha, tumbo likiwa limebanwa lisipokee chakula cha kutosha, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake. Nilimpoteza mmoja kwa njia hiyo: alijitenga na kundi, akasimama akikabili ua kana kwamba haoni, siku ya tatu hakuinuka. Tangu hapo, nikifika katika zizi la mtu mwezi wa Oktoba, huuliza yako wapi magunia ya maganda ya migunga, na kama waliokonda hulishwa kando na wenzao wenye nguvu.

Na usiku wa kuzaa ukipita, usiulize idadi. Tia kidole safi kinywani mwa mtoto aliyezaliwa alfajiri: kinywa kikiwa na joto na akakifyonza kidole kwa nguvu, dang'a imekwisha mfikia, kikiwa baridi, mkamue mama sasa hivi.