Hewa Ikibeba Zege

Mwanzo wa kujenga kuba ya zege hauna jipya kwa fundi yeyote wa nyumba: msingi wa duara, jamvi la zege, nondo fupi zilizoachwa zimesimama pembezoni. Kinachofuata ndicho cha ajabu. Pale ambapo ungetarajia lori la mbao za kufungia zege, linaletwa turubai zito lililoshonwa kiwandani. Linatandazwa juu ya jamvi, ukingo wake unabanwa kwenye msingi, feni zinawashwa, na umbo zima la nyumba linainuka likishikiliwa na hewa tu.

Njia hii iliendelezwa na David South na ndugu zake huko Idaho, Marekani. Mwaka 1976, mjini Shelley, walijenga ghala la viazi lenye upana wa mita 32 hivi. Wallace Neff alikwisha kupuliza zege juu ya maputo tangu miaka ya 1940. Akina South walibadili mahali pa kusimama: wao waliingia ndani ya puto.

Humo ndani, shinikizo la kuinua maji sentimita 5 tu linatosha kubeba kama kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Mafundi hupitia kijumba chenye milango miwili, isifunguliwe yote kwa pamoja. Kwanza hupuliza povu la poliyurethini, sentimita 7 au 8, ambalo likikauka hushika umbo, na miaka yote ijayo huzuia joto. Kwenye povu huchomekwa vishikizo, na kwenye vishikizo hufungwa nondo, za kupanda na za kuzunguka. Tazama zile za kuzunguka zinavyokaribiana kadiri unavyoshuka. Juu, kuba hujibana kwa uzito wake yenyewe. Lakini katika nusu tufe, ukishuka nyuzi 52 hivi kutoka kileleni, ukuta huanza kutaka kutanuka, na zege peke yake halivumilii kuvutwa. Nondo ndizo zinazouzuia.

Kisha huingia mpuliza zege, na huyu ndiye ninayemvulia kofia. Akirusha tabaka nene kwa mara moja, litaelemea povu na kuporomoka. Kwa hiyo huweka sentimita mbili hivi, huliacha lishike, ndipo hurudi. Bomba hulielekeza moja kwa moja ukutani, bila kuliinamisha, akilizungusha kidogo kidogo na kujaza kwanza nyuma ya nondo, kwa sababu uwazi ukibaki pale hakuna jicho litakalouona tena, ila unyevu utaufikia. Mchanga unaodunda na kuanguka hauchanganywi tena na ukuta, huzolewa ukatupwa. Afikapo darini, bomba liko begani na zege linamdondokea usoni, na bado mkono hauruhusiwi kuharakisha. Muda wote huo feni hazizimwi: turubai likilegea zege likiwa bichi, nyufa hazikwepeki.

Kuna pia njia nyepesi zaidi ya akina South haohao. Tetemeko la Mei 2006 liliua zaidi ya watu 5,000 karibu na Yogyakarta, Indonesia, na watu wa kijiji cha Ngelepen wakajengewa kuba 71 za kuishi, kila moja ya upana wa mita 7. Katika njia hii nondo na zege huwekwa nje ya puto, hata kwa mwiko, kisha puto hutolewa likasimamishe nyumba nyingine. Napenda kwamba ufundi huu umeweza kurudi mikononi.

Familia kadhaa za Ngelepen zimeongeza jiko au kibaraza, na zimejenga pembeni. Ndivyo inavyofaa, maana kutoboa ukuta wa kuba ni kukata zile nondo za kuzunguka. Milango na madirisha huamuliwa kabla feni haijawashwa, na pembezoni mwa kila uwazi huongezwa nondo, ili nguvu zilizokatiwa njia zipate pa kupita.