Haifunguliwi kwa Ubavu

Katika kazi zote za gereji ndogo za pikipiki, hakuna ninayopenda kuitazama kama ile ya kufungua injini ya Honda C70 iliyojamu. Kubadilisha tairi, kusafisha kabureta, kukaza cheni, hizo ni kazi njema na zina heshima yake. Lakini injini iliyokwama haimpi fundi hata sauti ya kusikiliza. Haizunguki, haingurumi, haitoi moshi. Kila anachotaka kukijua kimefungwa ndani, na akikitafuta kwa ubavu ataharibu ushahidi pamoja na injini yenyewe.

Honda hizi ndogo, za 50, 70 na 90, hazihitaji kutambulishwa kwa watu wa Unguja. Ukoo wao ulianza Japani mwaka 1958, Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walipotoa Super Cub ya kwanza, C100. Inasimuliwa kwamba walimfikiria kijana wa kupeleka tambi za soba, aiendeshe kwa mkono mmoja huku sinia likiwa mkono wa pili. Ndiyo maana haina mkono wa klachi: ukikanyaga gia, klachi inajiachia yenyewe. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa Super Cub milioni 100 duniani, na hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia idadi hiyo. C70 ni mmoja wa watoto wa ukoo huo. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 47 na husafiri milimita 41.4 tu, kwenda na kurudi, ndani ya silinda iliyolazwa karibu mlalo, hedi ikitazama gurudumu la mbele. Injini nzima imeshikwa kwenye fremu kwa bolti mbili ndefu. Mtu mmoja anaishusha na kuibeba hadi kwenye meza.

Udogo huo unawadanganya wengi. Wanadhani kitu kidogo hakihitaji adabu.

Fundi ninayemtazama hufanya kazi kwenye baraza ya nyumba ya Ng'ambo, na kabla hajagusa spana huuliza. Kijana akija anaisukuma Honda, salamu hazijaisha swali limeshatoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ilizimika ikitembea, au ilisimama ndani ndiyo ikakataa?"

Jibu la swali hilo hugawanya kazi njia mbili. Injini iliyozimika ikitembea imekwama kwa joto. Pistoni ni ya alumini, ukuta wa silinda ni wa chuma, na kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ikiwa mpya haifiki unene wa unywele mmoja. Oili ikipungua, au mchanganyiko wa petroli ukiwa na hewa nyingi mno, pistoni inapata joto, inavimba, inamaliza nafasi ile, na alumini laini inajipaka kwenye ukuta. Injini iliyosimama ndani miaka imekwama kwa kutu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Ikitokea valvu moja imebaki wazi, hewa hiyo huingia mpaka kwenye silinda na kukaa na ringi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hujaza pale palipokuwa na upenyo, na ringi nyembamba zinashikwa pande zote.

Akishapata jibu haamini mara moja. Anaweka gia huru, anafungua kifuniko cha kushoto na kushika gurudumu la sumaku kwa mikono miwili, anajaribu kulizungusha mbele na nyuma, polepole. Likicheza kidogo kisha likagota, huenda kilichokwama kiko kwenye gia au kwenye cheni ya taimingi. Lisipocheza kabisa, anaelekea kwenye pistoni. Kiki haikanyagi. Anayeruka juu ya kiki ya injini iliyokwama anakata meno ya gia yake, na sasa ana matatizo mawili.

Kisha anamwaga oili kwenye karai jeupe na kuiinamia. Oili nyeupe-nyeupe na nzito imeingia maji. Oili nyeusi yenye unga unaong'aa ina habari zaidi: anapitisha sumaku ndani yake, na unga ukifuata sumaku ni wa chuma, umetoka kwenye gia au beringi, ukibaki karaini ni wa alumini, umetoka kwenye pistoni. Injini haijafunguliwa hata nati moja ya hedi, naye tayari ana nusu ya jawabu. Mimi huona hapa ndipo ufundi ulipo hasa, katika kujua kitu gani kiulizwe kwanza.

Chukua ile ya kutu, kwa sababu ndiyo inayompima mtu. Anaishusha injini na kuisimamisha mezani hedi ikiwa juu. Silinda ikiachwa ilale kama inavyolala kwenye fremu, dawa utakayomimina itatuama upande wa chini, na nusu ya juu ya ringi itabaki kavu. Ikisimama, dawa inakaa juu ya pistoni nzima na kuteremka kuzunguka ringi pande zote. Dawa yenyewe ni oili nyepesi ya gia za otomatiki iliyochanganywa na asetoni. Asiyekuwa na asetoni hutumia dizeli. Anaimimina kwa tundu la plagi, anafunika kwa kitambaa, anaenda kufanya kazi nyingine.

Kesho yake anamulika kwa tochi. Dawa ikiwa pale pale, anasubiri. Ikishuka, anajua imepata njia, anaongeza. Wenye pikipiki hupita kuuliza na kuondoka wamenuna, maana wanaona injini yao imekaa tu mezani. Haijakaa tu. Dawa inatafuta njia katika nafasi ambayo hakuna chombo kinachoweza kuingia, na kazi hiyo haiharakishwi kwa pesa wala kwa maneno.

Ikifika siku ya kuifungua, kuna mtego. Kwa kawaida C70 hufunguliwa baada ya kulinganisha alama ya T ya gurudumu la sumaku na alama ya kwenye kasha la injini, ili pistoni iwe juu na valvu zimefungwa. Injini iliyokwama haitaki kuzunguka hadi hapo. Kwa hiyo anatia alama zake mwenyewe kwa rangi kwenye cheni na kwenye gurudumu lake la meno, kisha anafungua bolti ndogo za kemshafti pale pale zilipo. Hedi inatoka. Pistoni inaonekana, ukingo wake umezungukwa na kutu nyekundu.

Hapo wengi huchukua mtarimbo. Yeye huchukua kipande cha mninga alichokichonga duara, kipana karibu sawa na silinda, ili pigo lisambae juu ya pistoni nzima na lisiitoboe katikati. Akitaka joto, hulipeleka nje ya silinda, kwa haraka na kwa muda mfupi, chuma kitanuke kabla joto halijafika kwenye alumini. Ukiichemsha yote pamoja, pistoni inatanuka zaidi ya silinda na unazidi kuifunga. Kisha anagonga. Mapigo ni madogo, ya nyundo nyepesi, na baada ya kila machache anasimama na kuongeza dawa. Anasikiliza. Mwanzo sauti ni kavu na fupi, kwa sababu pistoni na silinda ni kitu kimoja. Saa inafika sauti inabadilika, inakuwa nzito kidogo, na mkono wake unapata habari kabla ya jicho: pistoni imesogea. Hata hapo haendi kwa pupa. Anairudisha juu kidogo, anaishusha tena, anasafisha kutu iliyoachia, ili ringi zisiburute uchafu na kuchana ukuta ambao bado unaweza kuokolewa.

Pistoni ikishafika mkononi, anaisoma, na ile iliyokwama kwa joto ndiyo yenye mengi ya kusomwa. Mikwaruzo ikiwa upande wa chini tu, ulipo mlango wa moshi, joto lilizidi pale ambapo moto hupita. Ikiwa katika pembe nne kuzunguka pistoni, nafasi ilikuwa finyu tangu ilipofungwa, au mwenyewe aliikimbiza ikiwa baridi. Pini ya pistoni na kichwa cha konrodi vikiwa na rangi ya samawati, oili haikufika. Nimewahi kumwona akigeuza pistoni moja juani muda mrefu kuliko aliotumia kuifungulia, na sikumwona akipoteza muda. Kubadilisha pistoni bila kujua iliyotangulia ilikufa kwa nini ni kuipeleka mpya kwenye kifo kile kile.

Alumini iliyojipaka kwenye ukuta wa silinda ina dawa yake, nayo iko kwa watengeneza sabuni: soda kali. Soda hiyo huila alumini na kukiacha chuma salama. Anavaa glavu na miwani, anafanya nje mbali na moto kwa sababu gesi inayotoka huwaka, anapaka kwa kijiti palipojipaka tu. Inachemka, inatulia, anafuta kwa maji mengi. Mara nyingine ukuta unaobaki ni mzuri kuliko ulivyotarajia.

Anapima kwa mikrometa juu, katikati na chini, kisha anazungusha kipimo robo duara na kupima tena, kwa sababu silinda iliyochakaa si duara tena. Kama mikwaruzo ni ya kina, itachongwa. Pistoni za ovasaizi za C70 hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, na mwisho 1.00. Mwenye haraka huruka hadi kubwa ili kumaliza kazi. Fundi wetu huchagua ndogo kuliko zote itakayofuta alama, kwa kuwa kila hatua inayorukwa ni uhai wa silinda uliotupwa. Na haimpelekei mchongaji silinda peke yake. Anapeleka na pistoni yake, ipimwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Namba iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi. Akirudishiwa, anatazama kama ukuta una mistari myembamba inayopishana. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Ukuta uliolainishwa mpaka unang'aa kama kioo anaukataa, hata mchongaji akiusifu vipi.

Niseme neno juu ya gundi ya gaskiti, maana inaua injini nyingi. Oili yote ya C70 haifiki lita moja, na hiyo hiyo inahudumia krenki, gia na klachi, kisha inapanda kwenye hedi kwa njia nyembamba. Fundi asiyejali anapaka silikoni nene kila mahali, anakaza nati, ziada inaminyika ndani, inakatika, inaziba njia ile. Pikipiki inatoka gereji haina tone linalovuja, inasifiwa, na baada ya muda kemshafti inakauka. Fundi wa baraza ile anatumia gaskiti ya karatasi na nyuso safi. Kabla ya kufunga anasafisha chujio cha wavu chini ya kifuniko cha klachi, na kile kikombe cha klachi kinachozunguka, ambacho hukusanya tope la chuma ukutani mwake. Vijana wengi hawajui kuwa kikombe hicho ni chujio.

Kufunga kwenyewe ni kwa mpangilio. Ringi zinaingia maandishi yakiwa juu, mianya yake ikitawanywa ili isifuatane. Pistoni inaingizwa kwenye silinda kwa vidole, ringi moja moja. Washa ya shaba inarudi kwenye stadi yake na si nyingine. Nati za hedi zinakazwa kwa kukingamana, kidogo kidogo. Alama ya duara kwenye gurudumu la cheni inalingana na mkato wa hedi, T inalingana chini, valvu zinaachiwa milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Kisha anaizungusha kwa mkono, mizunguko kadhaa, kabla ya kuruhusu kiki yoyote. Ikiwaka, anaiacha dakika chache, anaizima, anaiacha ipoe kabisa. Oili ya kwanza inamwagwa mapema, na mwenyewe anaambiwa asipakie mtu wala mzigo mpaka pistoni na silinda vizoeane.

Vipuri bado vinapatikana, kwa sababu viwanda vya China vinaunda injini za mtindo huu huu, na pistoni ya milimita 47 si kitu cha kusafiria mbali. Kinachoadimika ni vijana wa kukaa karibu na mafundi hawa muda wa kutosha, na wateja wanaokubali kwamba kusubiri ni sehemu ya kazi. Basi siku ukienda kuichukua Honda yako, mwambie fundi akuonyeshe pistoni ya zamani na akueleze kwa nini ilikwama. Akiweza kukueleza, mlipe siku zake zote, pamoja na zile ulizodhani injini imekaa tu mezani, na uangalie oili kila wiki.