Adabu ya Karani: Jinsi Hadithi ya Kuchekesha Inavyojengwa Simuni

Miongoni mwa maandishi ambayo wahakiki wetu hawajayapa nafasi katika daftari zao ni zile hadithi fupi za kuchekesha na kudhihaki ambazo mafundi cherehani, walimu, madereva, wauguzi na wastaafu, watu ambao hawakupata kuitwa waandishi wala hawatazamii kuitwa, hutunga kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu na kuzipeleka kwa jamaa na marafiki, zikatoka hapo zikaenda zisikokusudiwa. Nyingi, la haula, ni takataka. Walakini chache miongoni mwake zimejengwa kwa ustadi ambao hata mtunzi wa vitabu hangeuonea haya, na maadamu ustadi huo una kanuni zake, inafaa kanuni hizo zichambuliwe kwa staha ileile tunayoitumia tunapohesabu mizani ya shairi. Dai langu ni kwamba tashtiti ya hadithi hizi, zinapofaulu, hubebwa na adabu: utulivu wa msimulizi aliyedhulumiwa na, zaidi ya huo, upole wa yule anayemdhulumu.

Kwa kuwa si haki kumpasua mtu asiyejulikana jina kwa hadithi iliyokwisha pita katika mikono ya mamia, nimetunga mwenyewe kielelezo kwa kufuata desturi za fani hiyo, na kwa lugha yake:

“Jamani, mimi ni mstaafu, sina ugomvi na mtu. Juzi nimekwenda kuhakikiwa. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi, nikakuta mimi ni wa arobaini. Saa nane ikafika zamu yangu. Kijana wa dirishani akanipa heshima yangu: shikamoo mzee. Marahaba, baba. Akabonyeza kompyuta, akakunja uso, akabonyeza tena, akamwita mwenzake. Wakaitazama kompyuta, wakanitazama mimi. Akasema, mzee, mfumo unaonyesha ulifariki mwaka jana. Nikamwambia, baba, si mimi huyu hapa? Akasema, hata mimi nakuona, lakini mfumo haukuoni. Nikauliza nifanyeje. Akasema nilete barua ya serikali ya mtaa, picha mbili za pasipoti, na nakala ya cheti cha kifo ili wajue wafute kipi. Nikamwambia cheti hicho sina. Akasema kwa upole, hicho huwa wanaleta ndugu wa marehemu. Nikachukua fimbo yangu nikaanza kuondoka. Nilipofika mlangoni akaniita, nikadhani amepata njia. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema: mzee, pole sana kwa msiba.”

Tuanze na uongo wake, maana hadithi ya namna hii sharti iwe na uongo, na swali la kiufundi ni kiasi gani na uwekwe wapi. Katika kielelezo hiki uongo ni mmoja tu, nao ni kwamba marehemu anatakiwa kujiletea mwenyewe hati za kifo chake. Yote mengine yametoka katika maisha kama yalivyo: kuamka alfajiri, kuhesabu waliotangulia kwenye foleni, barua ya serikali ya mtaa, picha mbili za pasipoti, na yule mfumo ambaye katika ofisi zetu amekwisha kuwa mtu mwenye hiari yake, hukataa, hukubali, hulala na huamka. Hata uhakiki wenyewe una asili yake ya kweli, kwani hufanywa ili pensheni zisilipwe kwa waliokwisha zikwa. Na mwaka 2016 Serikali ya Tanzania, ilipoendesha msako wa watumishi hewa, ilitangaza kuwaondoa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Mtunzi amechukua hofu hiyo ya haki ya mwenye hazina, kwamba asiyekuwapo analipwa, akaipindua tu, ili aliyepo anyimwe. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye benchi lile hutoa imani yake kwa sababu ya saa kumi na mbili na kwa sababu ya wa arobaini, na akiisha kuitoa hawezi tena kuirudisha inapofika zamu ya cheti cha kifo. Mtunzi asiyejua kanuni hii huweka uongo wa namna tatu au nne, mzee akapigwa, karani akawa na kichwa cha punda, umeme ukakatika, paka akajibu simu, na wasomaji vijana humwandikia neno moja, “chai”, yaani uongo, hadithi ikaishia hapo.

Sasa tumtazame karani. Hana kosa hata moja la adabu. Ameanza kwa shikamoo, naye anaitoa kwa mtu ambaye dakika moja baadaye atamtambua kuwa ni maiti. Ameeleza sharti kwa upole. Amekiri kwamba anamwona mzee kwa macho yake mwenyewe. Na mwisho amesimama, jambo ambalo makarani hawalifanyi kila siku, akampa pole. Laiti angekuwa mkali, akamfokea mzee na kumwambia arudi kesho, hadithi ingegeuka kuwa shitaka juu ya kijana mmoja asiye na malezi, na kila mkuu wa ofisi angeisoma akasema kwamba kijana huyo ahamishwe. Lakini kijana huyu hahamishiki. Malezi yake ni kamili, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa utaratibu anaoutumikia, ambao umemfundisha kuamini kioo cha kompyuta kuliko macho yake. Hapo ndipo dhihaka ilipokata, nayo imekata bila ya msimulizi kutamka neno moja la lawama. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika fani hii, na ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa mtu huanza kutunga akiwa na hasira, na hasira hutaka kusema jina lake.

Msimulizi naye ana adabu yake. “Sina ugomvi na mtu” ni kinga, lakini pia ni ahadi kwa msikilizaji kwamba hatahutubiwa. Mzee hacheki hata mara moja, hashangai, wala hatuambii kuwa kisa hiki ni cha kuchekesha. Sentensi zake ni fupi na zimeunganishwa kwa ile ka ya masimulizi, akabonyeza, akakunja, akamwita, ambayo husukuma mambo mbele bila kiunganishi na bila kumpa msomaji nafasi ya kupinga. Angalia pia kusita kulikowekwa kabla ya mwisho: mzee amekwisha kuondoka, hadithi imekwisha kufa, kisha anaitwa, nasi pamoja naye tunadhani njia imepatikana. Neno msiba limewekwa mwisho kabisa, wala hakuna silabi baada yake. Andika “akanipa pole ya msiba huku amesimama”, na utaona jengo zima limeinama upande.

Chombo nacho kina amri zake juu ya mtunzi. Katika zama za ujumbe mfupi wa simu, herufi 160 zilitosha kwa kichekesho cha hatua moja, swali na jibu, mlevi na polisi. WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, ilifungua mlango wa masimulizi yenye ngazi, lakini ikaweka kikwazo kingine, kwamba maandishi marefu hukatwa na mkia wake ukafichwa nyuma ya maneno “soma zaidi”. Watunzi hodari wamekifanya kikwazo hicho kuwa pazia. Hupanga jambo la ajabu, kama lile la mfumo kuonyesha kifo, litokee kabla ya mkato ili kidole kisiweze kujizuia, na neno la mwisho wakalizika chini kabisa, pengine baada ya mistari mitupu kadhaa, lisije likaonwa kwa jicho la pembeni kabla ya wakati wake.

Kisha tangu mwaka 2019 ujumbe mmoja hauwezi kupelekwa mbele kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kusafiri mara nyingi hupelekwa kwa mmoja tu, kwa ajili ya kuzuia uvumi. Hadithi za kuchekesha zikanaswa katika wavu uliotegwa kwa ajili ya uzushi. Anayetaka kuukwepa hunakili na kubandika, na anayebandika, sawasawa na wale wanakili wa tenzi waliotumia wino na hati za Kiarabu katika miji ya pwani, ana fursa ya kurekebisha anachokinakili. Ikivuka kwenda Unguja, barua ya serikali ya mtaa itakuwa barua ya sheha. Ikipita Namanga kuingia Kenya, itakuwa ya chifu. Mabadiliko haya hayaidhuru hadithi, bali huipa uraia mpya, na hadithi iliyojengwa vema hujulikana kwa kuwa inaweza kubadilishiwa mji, ofisi na sarafu huku uti wake ukibaki uleule. Kinachodhurika ni haki ya mtunzi, ambaye jina lake huwa la kwanza kuanguka njiani.

Yako na mambo ya sheria. Shaaban Robert, alipotaka kusema juu ya watawala katika Kusadikika mwaka 1951, aliitundika nchi yake angani, nayo hekima hiyo ilikuwa ya fasihi na ya usalama kwa wakati mmoja. Mtunzi wa simuni hawezi kuruka, kwa sababu kicheko chake kinalihitaji lile benchi na ile foleni, vitu ambavyo havipatikani angani. Basi hukaa ardhini akajificha kwa njia nyingine: ofisi haina jina, mji hautajwi, karani hana kabila, na mjinga wa kisa ni msimulizi mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na ile ya Kenya ya mwaka 2018 ilitungwa ikiwa na vifungu vya namna hiyo. Lakini ni nani atakayemshitaki mstaafu kwa kusema kwamba aliambiwa pole? Abunuwasi wa hekaya zetu alikuwa na sultani wa kumcheka na kumsamehe. Huyu wa leo hana sultani aliye karibu naye, kwa hiyo imemlazimu kuwa mwangalifu zaidi ya Abunuwasi, na naona uangalifu huo umeinufaisha sanaa yake.

Juu ya hadithi za makabila, Mchaga na fedha zake, Mhaya na majivuno yake, sitasema mengi. Zinaegemea utani, desturi yenye heshima, ambayo humruhusu mtani kufanya mzaha hata kwenye mazishi pasipo kuulizwa. Lakini utani una wenyewe, na kila upande huijua zamu yake ya kulipiza. Katika kundi la simu lenye watu mia tatu wasiojuana, mtani ni nani? Mara nyingi hadithi hizo zinategemea kicheko kilichokwisha tengenezwa na wengine, na mtunzi hakuongeza kitu ila jina la kijiji.

Kasoro iliyoenea kuliko zote, hata katika kazi za wenye kipaji, huja baada ya neno la mwisho. Mtunzi akiisha kuandika pole sana kwa msiba, hofu humshika kwamba pengine hakueleweka, akabandika safu ya nyuso zinazotokwa na machozi ya kicheko, kisha mstari mpya: Funzo, tuwaheshimu wazee wetu. Kwa mstari huo karani amenyang'anywa adabu yake, mzee amegeuzwa kuwa mhubiri, na ofisi imepata nafasi ya kuitikia amina na kuendelea kama ilivyokuwa. Kwa hiyo, msomaji wangu, utakapoipokea hadithi njema yenye mkia wa namna hiyo, nawe ukataka kuipeleka mbele, ukate mkia kabla hujaituma. Na kama jina la mtungaji limo, liache.