John Wick: Mapigano Yanayoonekana

Katika filamu ya kwanza ya John Wick, iliyotoka Oktoba 2014, kuna tukio la klabu ya usiku iitwayo Red Circle ambalo mpenzi wa filamu za mapigano anapaswa kulitazama mara mbili. Mara ya kwanza amwangalie Keanu Reeves, mara ya pili aiangalie kamera. Mara ya kwanza ataona muuaji mstaafu akipenya katikati ya watu wanaocheza muziki na kuwaangusha walinzi mmoja baada ya mwingine, akimtafuta kijana aliyemwibia gari na kumuulia mbwa aliyeachiwa na marehemu mkewe. Mara ya pili ataona kitu ambacho filamu nyingi za Marekani za miaka ile zilikuwa zimekiacha. Kamera imesimama mbali kiasi cha kumwonyesha mtu kuanzia utosini hadi miguuni, na imetulia hapo. Anayepigwa anaonekana akipigwa, anayeanguka anaonekana akifika sakafuni, na aliyemwangusha ni yuleyule ambaye uso wake tulikuwa tunautazama sekunde mbili zilizopita.

Wengi husema mvuto wa mfululizo huu ni wingi wa risasi. Mimi nasema ni mazoezi. Kamera haiwezi kukaa mbali kama steringi hajui kupigana, na steringi hawezi kujua kupigana kama waandaaji hawakukubali kulipia miezi ya jasho kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Mengine yote yaliyoifanya John Wick iwe ilivyo yanatokana na uamuzi huo.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu The Bourne Supremacy ya mwaka 2004, Hollywood iliipenda sana kamera ya mkononi inayotikisika, pamoja na mikato ya harakaharaka. Paul Greengrass, aliyeiongoza filamu hiyo, alijua anachokifanya. Mtikisiko ule ulimweka mtazamaji ndani ya hofu ya mtu aliyepoteza kumbukumbu na anayewindwa. Waliomwiga ndio walioharibu, kwa sababu waligundua kwamba mkato unaweza kumficha mwigizaji asiyejua kurusha ngumi. Miezi michache baada ya John Wick ilitoka Taken 3, na humo kuna tukio la Liam Neeson kuruka uzio wa waya. Kitendo cha sekunde chache kimekatwa vipande zaidi ya kumi. Neeson ni mwigizaji mzuri na si aibu kwa mtu wa umri wake kushindwa kuruka uzio, lakini mtazamaji hakuona uzio ukirukwa. Ameambiwa tu kwamba umerukwa.

Chad Stahelski, mwongozaji wa John Wick, alikuwa mtu wa stanti kabla ya kuwa mwongozaji, mmoja wa wale wanaoanguka na kupigwa badala ya steringi. Katika The Matrix ya mwaka 1999 yeye ndiye aliyekuwa mbadala wa Keanu Reeves. Kazi ya mapigano kwenye filamu ile ilisimamiwa na Yuen Woo-ping, bingwa kutoka Hong Kong, ambaye aliwafanyisha waigizaji wakuu mazoezi kwa miezi 4 kabla ya kamera kuwashwa. Kule Hong Kong huo ulikuwa utaratibu wa kawaida, ila kwa Hollywood ulikuwa kitu kigeni. Stahelski aliubeba. Yeye na mwenzake David Leitch walikuwa tayari wameanzisha kampuni yao, 87Eleven, ambayo ni timu ya mapigano na ukumbi wa mazoezi kwa pamoja. Reeves alipolipata andiko la Derek Kolstad, aliwapelekea hao wawili. Wote wawili waliiongoza filamu ya kwanza, ingawa jina lililoandikwa kama mwongozaji ni la Stahelski peke yake na Leitch akatajwa kama mtayarishaji.

Wakati huo Reeves alikuwa anakaribia miaka 50. Mateke ya juu na sarakasi za kwenye kamba hazikuwa zake tena, na bajeti, ambayo kwa viwango vya Hollywood ilikuwa ndogo, isingeruhusu wiki nyingi za kurudia tukio moja. Wakachagua judo na jujutsu ya Brazil, wakachanganya na bastola. Uchaguzi huo ndio kiini cha ufundi wote.

Ngumi ya filamu haigusi shavu. Inapita sentimita kadhaa mbele ya uso, na kamera huwekwa nyuma ya bega la mmoja ili pengo lisionekane. Kwa hiyo kila ngumi inaidai kamera pembe maalumu, na kila pembe mpya inadai mkato. Mwereka haufanyiki hivyo. Mtu akibebwa nyongani na kutupwa, amebebwa na ametupwa kweli. Ukimtazama kutoka kushoto, kulia au mbali, ukweli ni uleule, na kamera inakuwa huru kukaa popote. Pili, mcheza judo hamwachilii anayemtupa. Adui akishafika chini, mkono wake bado umeshikwa, na mkono wa pili wa John una bastola inayomtafuta adui wa pili anayeingia kwa nyuma. Watu watatu wanabaki ndani ya fremu moja, hatari inatoka pande mbili, na mhariri hana sababu ya kukata.

Hata namna ya kushika bastola imefikiriwa kwa hesabu hiyo. Mara nyingi John hanyooshi mikono kama polisi wa kwenye televisheni. Silaha anaivuta karibu na kifua na kuilaza kidogo upande, mkao uliobuniwa na mkufunzi Paul Castle kwa ajili ya sehemu finyu. Kwa mpiganaji, mkao huo unafanya bastola isiporwe kirahisi. Kwa mpiga picha, unaweka uso wa mwigizaji, mikono yake na mdomo wa bunduki mahali pamoja.

Halafu kuna kujaza risasi. Tulikua na filamu ambazo bunduki haikuisha risasi hadi adui wa mwisho. John Wick bastola inamwishia, tena pabaya, na anaishughulikia mbele ya macho yetu. Kuna pahala amembana mtu asiweze kufurukuta huku akibadilisha magazini, kisha anammaliza. Kitendo hicho kinatoa pumzi katikati ya vurugu, na pia kinatupa hesabu ya kufuatilia, maana tunaanza kujiuliza amebakiwa na ngapi. Kwa ajili ya filamu ya pili, ya mwaka 2017, Reeves alifunzwa na mlenga shabaha bingwa Taran Butler, na video ya mazoezi yao ilipoenea mwaka 2016 watu waliona kwamba kasi ile ya mikono ni yake mwenyewe. Matunda yake yako kwenye mapango ya chini ya Roma. John ameficha silaha njiani mapema, na anaporudi nyuma akifukuzwa anaokota moja, inaisha, anaidondosha, anashika nyingine. Njia ya kutorokea imeamua mapigo ya tukio zima.

Mazoezi ya timu ya aina hii hayaishii kwa steringi. Pambano hupangwa kwenye ukumbi wa mazoezi, kuta na milango ikiwa maboksi ya kadibodi, kisha timu inajirekodi kwa kamera yao wenyewe na kuhariri hadi lipatikane pambano kamili la majaribio. Mwongozaji analiona kabla seti haijajengwa, na mpiga picha anajua taa zikae wapi. Wanaokufa kwenye filamu ni kundi dogo la watu wa stanti wanaobadilishiwa nguo na kurudi kufa tena. Ustadi wao ndio unaomfanya Reeves aonekane hatari, kwa sababu mwereka hupendeza kwa anayejua kuanguka kuliko kwa anayejua kutupa.

Wapiga picha wanastahili neno. Filamu ya kwanza ilipigwa na Jonathan Sela, na kuanzia ya pili kazi ikawa ya Dan Laustsen wa Denmark. Laustsen alileta rangi nzito, mvua na vioo. Sakafu yenye maji inarudisha mwanga chini ya miguu, hivyo mwili uliovaa suti nyeusi hauzami gizani. Fremu ni pana, na upana huo unatupa nafasi ya kumwona adui akija kabla John hajamwona. Ndiyo maana hata kwenye vibanda vya video, ambako wengi huifuata picha kwa macho au kwa sauti ya msimuliaji, pambano halihitaji maelezo. Nani yuko wapi na nani anamjia nani, yote yako kwenye kioo.

Si kila kitu ni cha kweli, na hapa pana somo. Miale ya moto kwenye midomo ya bunduki huongezwa na kompyuta, na damu nyingi pia. Stahelski ana sababu nzito ya kutotaka silaha za kweli karibu na watu wake. Ndiye aliyesimama kama mbadala wa Brandon Lee kukamilisha The Crow, baada ya Lee kuuawa na bunduki ya maigizo wakati wa upigaji picha mwaka 1993. Kwenye filamu ya nne, ya mwaka 2023, vurugu za magari kuzunguka Arc de Triomphe ya Paris kwa sehemu kubwa zilipigwa kwenye uwanja wa ndege wa Tegel, Berlin, ambao haukuwa ukitumika tena, na mnara ukaongezwa baadaye. Lakini anayelizungusha gari lile huku matairi yakilia ni Reeves, aliyejifunza kwa ajili hiyo. Kompyuta imejenga mazingira na kuondoa hatari, na mwili umeachiwa kazi yake.

Tukio lililonishangaza zaidi katika mfululizo wote liko kwenye filamu hiyo ya nne. John anaingia kwenye jengo chakavu, kamera inapanda juu ya kuta, na kwa muda mrefu tunamtazama kutoka darini akipita chumba hadi chumba, mkononi ana bunduki inayotema moto. Stahelski amesema wazo lilitoka kwenye mchezo wa kompyuta uitwao The Hong Kong Massacre. Ugumu wake ni kwamba kutoka juu hakuna bega la kufichia kitu. Kila pengo kati ya mpigaji na mpigwa linaonekana, na anayechelewa kuingia mlangoni anaonekana akichelewa. Ndipo moto ule ukawa jibu la kifundi pamoja na kuwa pambo, kwa kuwa unaijaza nafasi kati ya bunduki na mlengwa na kutuonyesha mstari wa kila risasi. Baada ya hapo kuna ngazi 222 za kwenda Sacré-Cœur. John anazipanda kwa taabu, kisha anarushwa hadi chini na kulazimika kuanza upya. Mtu aliyeanguka ngazi zile ni mwanastanti Mfaransa Vincent Bouillon. Filamu ya pili ilifungua kwa picha za Buster Keaton zilizoangazwa ukutani mwa jengo, na hapa kwenye ngazi deni hilo kwa bingwa wa sinema bubu linalipwa. Mwili ukianguka bila kukatwa, ukumbi mzima unashusha pumzi, halafu unacheka.

Kasoro zipo na si ndogo. Suti isiyopenya risasi, iliyoanza kwenye filamu ya pili, iliwapa wapangaji wa mapigano uhuru wa kumweka John uwanda wazi, ila kadiri anavyojifunika uso kwa pindo la koti ndivyo hofu yetu kwa ajili yake inavyopungua. Katika ya tatu, ya mwaka 2019, pambano la visu kwenye korido ya silaha za kale ni la kutetemesha. Watu wanarushiana visu, na vingine vinagonga vibaya na kudondoka bila kuchoma, jambo linalotufanya tuviamini vile vinavyochoma. Nyumba ya vioo inayokuja baadaye inarefushwa kupita haja. Pia ukiacha kamera ikae muda mrefu, adui anayesubiri zamu yake anaonekana akisubiri. Ubaya huo umo kwenye filamu zote nne, na unazidi kadiri idadi ya maadui inavyoongezeka. Kwa maoni yangu ile ya kwanza, yenye fedha chache na maadui wachache, ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Ile ya nne ina ujasiri mkubwa zaidi.

Filamu hizo nne zimeingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani. Katika miaka yote hiyo Academy ya Marekani ilikuwa na Oscar ya mavazi, ya vipodozi na ya sauti, na haikuwa na ya stanti. Leitch ni miongoni mwa waliolipigania jambo hilo, na Aprili 2025 Academy ikatangaza tuzo ya ubunifu wa stanti. Itatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028, kwa filamu zitakazotoka mwaka 2027. Watu walioanguka kwenye sakafu ya Red Circle mwaka 2014 walistahili kuipata mwaka uleule.