C.K. na Kaunta ya Polisi: Kuisoma Hukumu ya Meru

Hukumu ya mahakama si aina ya maandishi tunayozoea kuyachambua, lakini hii inastahili. Jaji J.A. Makau aliitoa katika Mahakama Kuu ya Meru tarehe 27 Mei 2013. Walalamishi ni wasichana kumi na mmoja walionajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International. Wengi wanaijua kama kesi ya wasichana 160. Ila walioshtakiwa si wanajisi. Ni mkuu wa polisi na maafisa wengine wa serikali.

Hapo ndipo penye nguvu yake. Masimulizi mengi ya ubakaji, ya magazeti na ya riwaya, hung'ang'ania tendo lenyewe. Hukumu hii inalipita haraka na kwenda kusimama kituoni. Mtoto amepiga ripoti, halafu? Haaminiwi. Anafokewa. Anaambiwa alete mashahidi, kana kwamba mnajisi hualika watazamaji! Jaji anayafuata haya mpaka unaona kwamba kukaa bila kufanya kazi pia ni kitendo, na mtendaji wake anapokea mshahara. Mnajisi atajibu kwa alichofanya, lakini polisi nao wanabeba sehemu yao, maana uzembe wao ndio uliompa uhakika kwamba hatafuatwa.

Sasa manung'uniko yangu. Wasichana wenyewe wako wapi? Tuna herufi tu, C.K. na wenzake. Kuficha majina ni lazima, hapo sibishi. Sauti je? Tunayosoma mengi ni hati za kiapo zilizofupishwa kwa Kiingereza cha mawakili, sentensi ndefu zenye "au" kila mahali, hadi kufokewa kunabaki kuwa kipengele kimoja katika orodha. Afisa alisema nini hasa? Kwa lugha gani? Nani mwingine alikuwa pale akisikiliza? Sisi tunaongojea taarifa vituoni tunajua kaunta haina siri: aliyekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea husikia yote.

Linganisha na "An Unbelievable Story of Rape", makala ya T. Christian Miller na Ken Armstrong ya mwaka 2015. Huko Lynnwood, jimbo la Washington, Marekani, msichana wa miaka 18 aliripoti mwaka 2008 kwamba amebakwa. Wapelelezi walimbana mpaka akayakana maneno yake, kisha akashtakiwa kwa kutoa ripoti ya uongo. Mbakaji aliponaswa Colorado mwaka 2011, alikutwa na picha za msichana huyo. Naye jina lake kamili hatupewi, anaitwa Marie tu, lakini unamsikia. Anasimulia, anaulizwa tena, anasimulia tena, neno moja linateleza na mpelelezi analidaka. Hukumu ya Meru inakuambia kwamba hawakuaminiwa. Makala hii inakukalisha kwenye kile kiti.

Labda utasema jaji si mwandishi wa hadithi, kazi yake ni kutoa amri. Sawa, na amri aliitoa: polisi wachunguze malalamiko yale haraka na kwa weledi. Lakini mwezi mmoja tu baadaye, Juni 2013, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge huko Busia. Washukiwa watatu waliofikishwa kituoni walikatishwa nyasi, basi, wakaachiliwa. Ilibidi dunia ipige kelele, sahihi zaidi ya milioni moja zikusanywe, ndipo watatu wahukumiwe miaka 15 gerezani mwaka 2015. Zile nyasi kila Mkenya anazikumbuka mpaka leo. Ya Meru, nani anakumbuka hata sentensi moja?

Hata hivyo isome. Iko mtandaoni bure, kwa Kiingereza. Ukichoshwa na kurasa za vifungu vya Katiba, ziruke kwanza uanzie pale polisi wanapoelezwa walichofanya, kisha urudi nyuma.