Kitambaa Chenye Maji Juu ya Pampu

Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, kilomita kama 300 kupitia Likasi na Fungurume, ina ugonjwa wa magari ambao wenye Land Cruiser za zamani za dizeli wanaufahamu vizuri. Asubuhi gari linawaka mara moja, hata Juni na Julai baridi ya nyanda hizi za juu inapouma. Linatembea saa nzima bila lawama. Dereva analizima kwa dakika 20 kwenye kituo cha ushuru, na akirudi linagoma: stata inazungusha, moshi hautoki, betri inaanza kuchoka. Hapo mtu hulowesha kitambaa na kukilaza juu ya pampu ya mazutu, yaani dizeli, na baada ya dakika chache gari linawaka. Kitambaa hicho kimekwisha kutoa ushahidi kuhusu ugonjwa. Wengi hukichukua kama dawa, wakapanda gari na kuondoka bila kuusoma ushahidi huo.

Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 yenye silinda sita iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, hupata mazutu kutoka kwenye pampu ya mzunguko yenye kichwa kimoja kinachogawia silinda zote. Ndani yake vyuma huteleza kwa nafasi ya mikroni chache, na kinachovilainisha ni mazutu yenyewe. Vumbi au maji yakipenya kwenye kichujio, nafasi hiyo hupanuka. Mazutu baridi ni mazito kidogo, kwa hiyo yanaziba upungufu. Yakifika nyuzi 80 uzito wake wa kutiririka huwa karibu nusu ya ule wa nyuzi 40, nayo huvujia ndani ya pampu kabla shinikizo halijatosha kufungua nozeli. Injini ikiwa imewaka hali hii haionekani, kwa sababu hata ikitulia bila kukanyagwa huzunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika, na mvujo haupati muda. Stata huizungusha kama mara 200 tu. Tena gari likizimwa, feni husimama na maji ya rejeta huacha kuzunguka, hivyo joto la injini hupanda kwenye pampu kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana kituo kifupi ni kibaya kuliko safari yenyewe.

Lakini kitambaa hakichagui kinachopozwa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea hata wakiwa wameanza vizuri. Kwenye pampu hiyo hiyo imefungwa vali ndogo ya umeme inayokata mazutu ufunguo ukizimwa. Koili yake ikichoka, joto linaweza kuifanya ishindwe kuvuta, na maji yakiipoza inafanya kazi tena. Dalili ni zile zile, ila gharama hazifanani kabisa: vali ni kitu kidogo, pampu ni kazi ya karakana maalumu. Kuzitenganisha hakuhitaji mashine. Gari likiwa bado limegoma, ufunguo uwashwe na kuzimwa huku sikio likiwa karibu na pampu. Vali nzima hugonga. Isipogonga, ipelekewe umeme wa betri moja kwa moja. Injini ikiwaka, kosa liko kwenye waya au relei. Isipogonga hata hivyo, vali imekufa. Ikigonga vizuri na bado hakuna moshi, shaka inaelekea ndani ya pampu.

Atasema mwingine kwamba stata ndiyo yenye kosa, na hoja hiyo ina uzito, hasa katika ukanda huu unaoishi kwa shaba. Shaba ikipata joto huukinza umeme zaidi, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 20 hadi 100 upinzani wake huongezeka karibu theluthi moja. Stata iliyoishi jirani na bomba la moshi huzunguka kwa uvivu, na uvivu huo unaweza kuifanya pampu yenye afya ionekane mbovu. Kwa hiyo kabla ya kuishitaki pampu, mita iwekwe kwenye betri wakati wa kuzungusha. Ikishuka chini ya volti 9.6, uchunguzi uanzie kwenye betri, vichwa vyake, waya wa bodi na stata. (Magari ya esansi, yaani petroli, yenye kabureta yana kesi yake: mafuta huchemka ndani ya bomba, na kwenye mwinuko huu huchemka mapema kuliko pwani. Pampu ya mazutu haihusiki.)

Wapo pia wanaosema ni joto la Oktoba, au mazutu machafu ya madumu. Joto la Oktoba lipo kwa kila gari, na mengi yanawaka. Mazutu machafu ni kweli, lakini yanaeleza jinsi pampu ilivyolika, na kubadili kituo cha mafuta leo hakurudishi mikroni zilizokwisha kwenda. Hoja nzito zaidi ni ya pesa: kitambaa ni bure, pampu si bure. Ila pampu inayovuja haitulii, na siku maji yakimwagwa kwa ndoo badala ya kitambaa, chuma kinajikaza ghafla na vile vyuma vya mikroni chache vinaweza kung'ang'aniana. Hapo gharama inakuwa ya pampu nzima.

Kwa hiyo gari likigoma kando ya barabara, usikimbilie maji. Sikiliza vali, pima betri, tazama moshi, injini ikiwa bado ya moto, kwa sababu likishapoa halitakuonyesha kitu. Ukishaandika ulichokiona, lowesha kitambaa uende nyumbani, na karatasi hiyo umpe fundi kesho yake.